Katharine Hepburn, 1938–1940: sumu ya mlangoni na karatasi ya haki

Mei 1938, Harry Brandt, kiongozi wa chama cha wamiliki huru wa kumbi za sinema Marekani, alilipia tangazo katika magazeti ya biashara ya filamu. Ndani yake alitaja nyota ambao, kwa hesabu yake, walilipwa mamilioni ilhali viti vinabaki wazi: Greta Garbo, Marlene Dietrich, Joan Crawford, Mae West na Katharine Hepburn. Akawabandika jina ambalo halijabanduka hadi leo: sumu ya mlangoni. Jina la nyota likiandikwa nje ya ukumbi, dirisha la tiketi linalala.

Miaka miwili na nusu baadaye, filamu ya huyo huyo Hepburn, *The Philadelphia Story*, ilikusanya dola 600,000 kwa wiki 6 katika ukumbi mmoja tu, Radio City Music Hall wa New York, ikavunja rekodi ya ukumbi ule.

Kisa hiki husimuliwa kama habari ya mwanamke jasiri aliyekataa kushindwa. Ujasiri alikuwa nao, tena wa kuuza. Ila wenzake kwenye orodha ya Brandt nao hawakuwa waoga, na hakuna kati yao aliyerudi kwa njia aliyorudi nayo yeye. Tofauti ilikuwa kwenye karatasi: nani ameshika haki za hadithi, na kwa masharti gani anaziachia. Hilo ndilo tunalolichambua hapa.

Kabla ya hapo, tuwatenganishe akina Hepburn. Huyu ni Katharine, aliyezaliwa Hartford, Connecticut, 1907. Audrey ni mwingine kabisa na hawana undugu. Msomaji wa Afrika Mashariki huenda anamfahamu Katharine kwa sura moja tu: yule dada mmishonari katika *The African Queen*, anayeteremka mto wa koloni la Wajerumani na Humphrey Bogart ndani ya boti chakavu. Filamu hiyo ilipigwa 1951 kwenye mto Ruiki huko Kongo, kisha Butiaba na Murchison Falls upande wa Uganda. Maji ya kunywa yalimuumiza tumbo vibaya, huku Bogart na mwongozaji John Huston wakitamba kwamba wao wameokolewa na wiski. Kufikia wakati huo alikuwa mwigizaji anayechagua kazi na mahali pa kuifanyia. Mwaka 1938 hakuwa na anasa hiyo.

Vitabu vya hesabu vya RKO

Watetezi wake hupenda kusema kwamba Brandt alimwonea. Hesabu za studio yake, RKO, hazikubali.

Aliingia RKO 1932, na mwaka uliofuata alikuwa lulu. *Morning Glory* ilimpa Oscar ya kwanza, na *Little Women* iliiletea studio faida ya karibu dola 800,000, wakati Marekani iko kwenye mdororo mkubwa wa uchumi na RKO yenyewe iko chini ya msimamizi wa mahakama. Kisha mambo yakageuka. *Sylvia Scarlett*, ambamo anajifanya mvulana karibu nusu ya filamu, ilipoteza dola 363,000. *Mary of Scotland* ikapoteza 165,000. *A Woman Rebels*, 222,000. *Quality Street*, 248,000. Filamu 4, karibu dola milioni 1 imeyeyuka. *Stage Door* ya 1937 ilipata faida ndogo, lakini humo aligawana mzigo na Ginger Rogers. Halafu ikaja *Bringing Up Baby*, kichekesho cha chui ambacho leo hufundishwa vyuoni: kilizidi ratiba kwa siku 40, gharama zikapita dola milioni 1, na hasara ikawa kama dola 365,000.

Tatizo lilikuwa nini? Kipaji kilikuwa palepale. Majukumu ndiyo yalikuwa yanamfinya kwenye kona moja: mwanamke msomi, mwenye kidevu juu, sauti ya kitajiri ya New England, gauni la karne iliyopita. Kati ya *Mary of Scotland*, *A Woman Rebels* na *Quality Street*, hakuna hata moja inayotokea katika karne ya 20. Mtazamaji aliyelipa senti zake za jasho katika miaka ya njaa alijiona anasimangwa. Nje ya filamu hali haikuwa bora. Aliwakwepa waandishi wa habari, alivaa suruali wakati studio inataka gauni, na hakusaini vitabu vya mashabiki. Mambo hayo leo yanapendwa. Wakati ule yaliongeza ushahidi wa majivuno.

Hata hivyo tangazo la Brandt lilikuwa na ugomvi wa pili ndani yake, na wachambuzi wengi huuruka. Studio kubwa ziliuza filamu kwa mafungu: mwenye ukumbi akitaka filamu moja nzuri, analazimika kuchukua nyingine nyingi za studio ile, mara nyingi kabla hazijapigwa. Nyota wa mshahara mkubwa ndiye aliyekuwa chambo cha fungu. Kwa mwenye ukumbi mdogo, nyota asiyevuta watu ni hasara mara mbili: amemlipia, na amelipia takataka zilizofungwa naye. Brandt aliwarushia mawe nyota kwa sababu studio zilikuwa mbali na mkono wake. Julai mwaka huohuo serikali ya Marekani ilifungua kesi dhidi ya studio kubwa kuhusu mfumo huu. Hilo halikumsaidia Hepburn, maana jina alilopachikwa halikuhitaji mahakama.

Kutoka kwa malipo

Mkataba wa kawaida wa studio ulikuwa wa hadi miaka 7, na hiari yote ilikuwa upande mmoja. Studio iliweza kuuendeleza au kuukata kila unapofika muda wa mapitio, mwigizaji hakuweza. Akikataa filamu, anasimamishwa bila malipo, na siku alizosimamishwa zinaongezwa mwishoni mwa mkataba. Ukigoma, kifungo kinarefuka.

Baada ya hasara ya chui, RKO ilimpangia *Mother Carey's Chickens*, filamu ndogo ya kifamilia. Kila mtu Hollywood alielewa ujumbe. Studio inapotaka kumwondoa nyota bila kulipa fidia, humpa kazi ya kumshusha hadhi na kungoja akatae.

Waigizaji waliobanwa hivyo walikuwa na njia chache. Bette Davis alijaribu mahakama: 1936 alipambana na studio ya Warner Bros. mjini London, akashindwa, akarudi kazini. Olivia de Havilland alishinda, lakini hukumu ya rufaa ya California iliyosema miaka 7 ni miaka 7 ya kalenda, bila kuongezewa siku za kusimamishwa, ilitoka Desemba 1944. Mwaka 1938 mlango huo haukuwepo. Hepburn alitumia njia ya tatu: alilipa. Alinunua uhuru wake kwa dola 75,000, akaondoka.

Hapa tuseme ukweli ambao simulizi za ujasiri huuficha. Baba yake, daktari wa Hartford, ndiye aliyesimamia fedha zake zote. Malipo ya studio yalikwenda kwake na binti akipewa posho. Akiba ilikuwepo. Mwigizaji aliyekuwa akilisha ukoo kwa mshahara wa wiki hadi wiki, na hao walikuwa wengi, asingeweza kuandika hundi ile.

Akafanya filamu moja katika studio ya Columbia, *Holiday*, akiwa na Cary Grant chini ya mwongozaji George Cukor. Ni kazi safi, lakini watu hawakujazana. Baada ya hapo script iliyomfikia ilikuja na ofa ya dola 10,000, chini ya alichokuwa analipwa alipoanza. Akarudi nyumbani kwao pwani ya Connecticut, mtaa wa Fenwick. Na kama kwamba mwaka haujamtosha, Septemba 21 kimbunga kikubwa kilipiga New England na kuisomba nyumba hiyo.

Tamthilia yenye vipimo vya mtu mmoja

Mwandishi wa tamthilia Philip Barry hakuwa mgeni kwake. *Holiday* ilikuwa tamthilia yake, na Hepburn kijana aliwahi kuwa mwigizaji wa akiba katika toleo la jukwaani la 1928. Sasa Barry naye alikuwa na ukame wa mafanikio, na kampuni ya Theatre Guild iliyoelekea kuizalisha kazi yake mpya ilikuwa kwenye madeni. Watatu wote walikuwa wanatafuta pa kushika.

Kazi hiyo mpya, *The Philadelphia Story*, inamhusu Tracy Lord, binti wa familia ya kitajiri ya Philadelphia, siku moja kabla ya harusi yake ya pili. Mume wa kwanza, C. K. Dexter Haven, anajitokeza. Mwandishi na mpiga picha wa gazeti la umbea wanaingizwa nyumbani. Baba mtu anamwambia binti yake usoni kwamba hana moyo wa kusamehe, kwamba ni sanamu ya shaba. Usiku Tracy anakunywa shampeni kupita kiasi, anaogelea na mwandishi, anaamka hakumbuki. Mwisho wake anaolewa tena na Dexter.

Angalia kilichofanyika. Barry hakukwepa shutuma za umma dhidi ya Hepburn. Alizikusanya zote, baridi, majivuno, utajiri, ulimi mkali, akaziweka midomoni mwa wahusika wengine ili wamwambie Tracy mbele ya hadhira. Mtazamaji aliyekuja akiwa amenuna anasikia malalamiko yake yanasemwa jukwaani na baba, mume na mwandishi wa habari. Kisha anamwona mhusika akipasuka, na chini ya shaba kuna mtu. Huo ni ufundi wa hali ya juu. Pia ni adhabu, na tutairudia.

Sasa karatasi. Kwa makubaliano ya waandishi wa tamthilia wa Marekani ya 1926, mwandishi hubaki na hakimiliki ya kazi yake, na mtayarishaji wa jukwaani hupata fungu filamu inapouzwa. Mwigizaji hayumo kwenye mgao huo. Anaweza kuijaza nyumba mwaka mzima, studio ikaja, ikanunua, ikampa jukumu nyota wake wa mkataba. Hilo lilikuwa jambo la kila msimu Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York. Ni mpango uleule uliokuja kumnyima Julie Andrews nafasi katika filamu ya *My Fair Lady* miaka ya 1960, nafasi ikaenda kwa yule Hepburn mwingine.

Howard Hughes, tajiri wa ndege na mafuta aliyekuwa na uhusiano naye, aliliona pengo. Kabla tamthilia haijafunguliwa, alimnunulia Hepburn haki za filamu. Wakati ndio kila kitu hapa. Kabla ya ufunguzi, haki za kazi ya mwandishi aliyechoka, yenye nyota aliyeitwa sumu, ni za bei ya kutupa. Asubuhi baada ya wahakiki kusifu, bei inaruka na studio zinapanga foleni. Aliyenunua mapema amenunua hatari, na kwa kuwa hatari ilikuwa ya kweli, hakuna aliyemkimbilia.

Upande wa jukwaa, Hepburn na Hughes waliweka sehemu ya mtaji, na yeye akaacha mshahara wa kudumu ili apate asilimia ya mapato. Tamthilia ikianguka, amefanya kazi bure na amepoteza fedha juu yake.

Na kuanguka alikujua. Desemba 1933, akiwa ametoka kupata sifa za filamu, alipanda Broadway katika *The Lake*. Wahakiki walimchanachana, maonyesho yakafika 55, na kwa kuwa alishasaini kuzunguka nchi na kazi ile mbaya, alimlipa mtayarishaji Jed Harris takriban dola 14,000, sehemu kubwa ya akiba yake, ili ifungwe tu. Kwa hiyo alipokuja kununua mkataba wa RKO, somo la kulipa ili utoke alikuwa ameshalisoma mara moja.

Safari hii hawakukimbilia New York. Tamthilia ilizungushwa kwanza miji mingine, ikapokewa vizuri, ndipo Machi 28, 1939 ikafunguliwa Shubert Theatre. Kuzungusha namna hii kuna kazi mbili: mwandishi anasikia wapi watu wanacheka na wapi wanakohoa, na mwigizaji mwenye woga anafika New York midomo imeshazoea maneno. Ilidumu hadi Machi 30, 1940, maonyesho 417. Ukigawa kwa maonyesho 8 ya wiki, ni mwaka mzima bila pengo.

Meza ya Louis B. Mayer

Studio zilianza kupiga hodi. Zilichotaka ni hadithi. Zilichokuta ni kwamba mwenye hadithi ni yule waliyemfukuza kwa adabu. Alichagua MGM, iliyokuwa juu ya zote kwa fedha na nyota, akauza kwa dola 250,000.

Kwa kazi iliyojaza ukumbi mwaka mzima, bei hiyo haikuwa kubwa, na angeweza kusukuma zaidi. Badala ya kusukuma bei alisukuma masharti: yeye ndiye Tracy Lord, na ana kura ya turufu juu ya mtayarishaji, mwongozaji, mwandishi wa script na waigizaji wenzake. Kwa maoni yetu hapa ndipo kisa kizima kinapokaa. Dola 100,000 za ziada zingekwisha. Filamu mbaya ingethibitisha tangazo la Brandt milele.

Kwa turufu hiyo aliweka watu. Mwongozaji George Cukor, aliyemwongoza tangu filamu yake ya kwanza 1932 na aliyejua lini sauti yake inapanda kupita kiasi. Script, Donald Ogden Stewart, rafiki wa Barry ambaye alikuwa mwigizaji katika *Holiday* ya jukwaani. Mtayarishaji, Joseph L. Mankiewicz.

Kwa wanaume, mambo hayakwenda alivyotaka. Aliomba Clark Gable na Spencer Tracy; wote hawakupatikana. Turufu humpa mtu uwezo wa kusema hapana. Haimpi uwezo wa kumtoa Gable mahali alipo. Mayer, bosi wa MGM, alimpa James Stewart, aliyekuwa kwenye mkataba wa MGM tayari, pamoja na dola 150,000 za kumtafuta mwingine yeyote atakayekubali. Akapatikana Cary Grant, kwa masharti yake: dola 137,000, ambazo alizitoa zote kwa mfuko wa kusaidia Uingereza vitani, na jina lake litangulie kwenye bango.

Katika filamu iliyotungwa kwa ajili yake, ambayo haki zake zilikuwa zake, jina la Hepburn likaandikwa la pili. Wengine wangepigania nafasi hiyo mpaka kesho. Yeye aliachia, na hesabu yake inaeleweka: kama jina lako linasemekana hufukuza watu, unalikinga kwa majina mawili yanayovuta. Stewart na Grant walikuwa bima.

Na wenzake wa jukwaani? Joseph Cotten alikuwa Dexter, Van Heflin mwandishi wa habari, Shirley Booth mpiga picha. Watatu hao walijenga vicheko kwa maonyesho 417. Hakuna hata mmoja aliyeingia kwenye filamu. Nafasi ya Booth alipewa Ruth Hussey wa MGM. Hawakuwa na karatasi. Kisa cha Hepburn kikisomwa bila kuwataja hawa, kinakuwa hadithi tamu kuliko kilivyo, maana turufu iliyomlinda yeye ndiyo iliyoidhinisha kuachwa kwao.

Sakafuni dakika ya kwanza

Script ilibadilisha mambo mawili makubwa. La kwanza, jukwaani Tracy ana kaka, Sandy; kwenye filamu kaka ameondolewa na kazi yake amepewa Dexter, ili jukumu la Grant lilingane na bei yake.

La pili ni ufunguzi, ambao haupo kabisa jukwaani. Hakuna neno linalosemwa. Mlango wa nyumba kubwa unafunguka, Dexter anatoka na mizigo yake akielekea garini. Tracy anafuata kwa gauni la nyumbani, amebeba mfuko wa fimbo za gofu. Anautupa nje. Fimbo moja amebaki nayo mkononi. Anaivunja kwa goti, taratibu, akimtazama, kisha anageuka kurudi ndani. Dexter anamfuata, anamgusa begani. Anakunja ngumi, anaivuta nyuma, anasita. Anakunjua vidole, anamwekea kiganja usoni, anamsukuma. Tracy anaanguka chali ndani ya mlango.

Tukio zima halifiki dakika moja. Hepburn mwenyewe aliwahi kueleza sababu: watu wengi walikuwa wanangoja kumwona akianguka kifudifudi, kwa hiyo asingeingia kwa madaha. Mtazamaji aliyemchukia anapewa alichokuja nacho moyoni kabla hajakaa vizuri kitini. Amecheka, deni limelipwa, na sasa anaweza kumsikiliza kwa saa moja na dakika hamsini zinazobaki.

Unaweza kustaajabia ufundi na bado usipende gharama. Mwanamke anasukumwa usoni na ukumbi unacheka. Baba anayemsaliti mama ndiye anayemhubiria binti. Mwishoni anayeomba radhi zaidi ni Tracy, ingawa mlevi wa ndoa ya kwanza alikuwa Dexter. Hepburn alizijua nguvu za umma, akakata kipande cha heshima ya mhusika wake akawatupia. Alikikata kwa mkono wake mwenyewe, hilo ni kweli. Kilikatwa vilevile.

Upigaji picha ulianza Julai 5, 1940 na kumalizika Agosti 14, siku 5 kabla ya ratiba. Linganisha na siku 40 za kuchelewa kwa chui. Sababu si fumbo: Hepburn alikuwa ameyasema maneno yale mara mamia, na kila pumziko kabla ya kicheko lilikuwa limeshapimwa na watu waliolipa. Majira ya baridi yalipokaribia alikuwa jukwaani tena kwa ziara ya pili, na MGM ilikubali kutosambaza filamu kwa jumla hadi Januari 1941 ili isiule mtaji wa ziara hiyo. New York ndiyo iliyotangulizwa, Desemba 1940, pale Radio City.

Gharama ya filamu ilikuwa dola 914,000. Kilichorudi studio kilikuwa dola 2,374,000 kutoka Marekani na Canada, na 885,000 kutoka nchi nyingine, hizo zikiwa nyakati ambazo vita vilikuwa vimefunga sehemu kubwa ya soko la Ulaya. Faida, dola 1,272,000. Karibu sawasawa na jumla ya hasara 5 za RKO tulizozitaja juu.

Filamu iliteuliwa kwa Oscar 6 ikapata 2: James Stewart, na Donald Ogden Stewart kwa script. Hepburn alipewa tuzo ya wahakiki wa New York, lakini Oscar ya mwigizaji wa kike ilikwenda kwa Ginger Rogers, kwa *Kitty Foyle*, filamu ya RKO. Hughes naye alikuja kuinunua RKO yenyewe 1948, na kuiendesha vibaya hadi ikafa, lakini hicho ni kisa kingine.

Mara ya pili, na mwisho ambao hakuuandika

Alipoona njia imefanya kazi, aliirudia. Mwaka 1941 alipeleka MGM script ya waandishi wawili wasiojulikana, Ring Lardner Jr. na Michael Kanin. Aliyaficha majina yao ili studio isiwapunje kwa uchanga wao, akawadai bei ambayo wenyewe wasingethubutu kuitamka. Alimchagua mwongozaji, George Stevens. Safari hii Spencer Tracy alipatikana, na wawili hao wakaja kufanya filamu 9 pamoja. Hiyo ndiyo *Woman of the Year* ya 1942.

Inamhusu Tess Harding, mwandishi wa siasa anayejua lugha kadhaa na viongozi wa nusu ya dunia. Mwisho ulioandikwa na Lardner na Kanin uliwaacha wanandoa sawa kwa sawa. Wakubwa wa studio walipoijaribu filamu mbele ya watu hawakuridhika. Wakaagiza mwisho mpya kwa mwandishi mwingine. Hepburn hakuupenda hata kidogo, wala hakuficha. Ila haki za script alikuwa ameshaziuza, na turufu ya safari hii haikufika kwenye ukurasa wa mwisho.

Kwa hiyo akauigiza. Tess anaingia jikoni alfajiri, kimya, kumwandalia mume kifungua kinywa kwa mara ya kwanza. Anafuata maelekezo ya kitabu. Kahawa inafurika jikoni. Unga wa waffle, mkate unaookwa kati ya vyuma viwili vya moto, unavimba, unasukuma kifuniko, unamwagika pembeni mwa mashine. Mume amesimama mlangoni nyuma yake, anatazama.